Ahn Cheol-soo: daktari aliyetengeneza antivirasi, akaacha umeya wa Seoul, kisha akautafuta bila kuupata

Mleta mada:

Wanajukwaa, salaam.

Kila anapotajwa mfanyabiashara wa teknolojia anayetaka uongozi, mjadala wetu huishia kwenye utajiri wake au ujuzi wake, na ni nadra kuuliza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito: je, ana watu watakaobaki naye baada ya shangwe kupoa? Sijui kisa kinacholijibu swali hilo kwa ukamilifu kama cha Ahn Cheol-soo wa Korea Kusini, ndiyo maana naomba tukijadili kwa kina na kwa utulivu.

Ahn alizaliwa mwaka 1962, akakulia Busan, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. Mwaka 1988, akiwa bado katika masomo ya juu ya tiba, kompyuta yake iliingiwa na kirusi kilichoitwa Brain, ambacho kilitengenezwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, na kuzunguka dunia ndani ya disketi. Alikichambua, akaandika programu ya kukiondoa, akaigawa bure kwa yeyote aliyeihitaji. Kwa takriban miaka saba alikuwa akiandika programu alfajiri, na mchana akirudi kwenye utafiti na ualimu wa tiba. Machi 1995 aliuacha udaktari na kuanzisha kampuni inayojulikana leo kwa jina la AhnLab. Programu yake, V3, watu binafsi waliendelea kuipata bila malipo huku makampuni na taasisi zikilipia, na mwaka 1999, kirusi cha CIH kilipoharibu kompyuta nyingi sana nchini humo, thamani ya kazi hiyo ilionekana hata kwa wasiojua chochote kuhusu kompyuta. Mwaka 2001 kampuni iliingia kwenye soko la hisa. Mwaka 2005 mwanzilishi alikabidhi uongozi kwa mtendaji mwingine, yeye akarudi darasani Marekani.

Naomba tusiupite haraka uamuzi huo wa 2005. Uchumi wa Korea Kusini umejengwa juu ya makampuni makubwa ya kifamilia, ambamo baba humrithisha mwana na mwana humrithisha mjukuu, na vijana wengi wanaamini kwamba mtu asiyezaliwa ndani ya familia hizo hana pa kupenya. Mtu aliyejenga kampuni kwa akili yake, akagawa bidhaa yake bure, kisha akaondoka kwenye kiti bila kumwachia mwanawe, alionekana kuwa ushahidi kwamba nchi ingeweza kwenda kwa njia nyingine. Aliporudi akawa profesa, akaanza kuzunguka nchi nzima akizungumza na vijana kwenye mikutano iliyoitwa matamasha ya vijana, wakati ambao karo za vyuo na ukosefu wa ajira za maana vilikuwa vinawachoma. Hakuomba kura. Nadhani hicho ndicho kilichowafanya watamani kumpigia.

Nafasi ilifunguka Agosti 2011. Meya wa Seoul wa wakati huo, Oh Se-hoon, alipinga mpango wa chakula cha bure kwa wanafunzi wote, akaitisha kura ya maoni na kuufunga wadhifa wake kwenye matokeo. Sheria ilitaka angalau theluthi moja ya wapiga kura wajitokeze. Waliojitokeza walikuwa asilimia 25.7, masanduku hayakufunguliwa, na meya akajiuzulu. Ahn alipodokeza kwamba anafikiria kuwania, tafiti za maoni zilimpa karibu nusu ya wapiga kura wa jiji, ilhali Park Won-soon, mwanasheria wa haki za raia, alikuwa na takriban asilimia 5. Tarehe 6 Septemba wawili hao walikutana kwa muda mfupi, na yule mwenye karibu asilimia 50 akamwachia mwenye asilimia 5. Oktoba 26 Park alishinda.

Tangu hapo Ahn amewania urais, ameanzisha vyama, ameunganisha vyama, amewania umeya, amejitoa, amerudi. Kiti alichokiacha mwaka 2011 alikifuata mwaka 2018 na tena mwaka 2021, na mara zote mbili alikikosa. Hoja yangu ni kwamba sifa ileile iliyomfanya apendwe, ya kusimama juu ya vyama na kutokuwa mtu wa yeyote, ndiyo iliyomnyima watu wa kubeba kazi yake siku ambazo yeye mwenyewe hakuwa jukwaani. Aliandika programu peke yake alfajiri, na siasa haikubali kuandikwa hivyo.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, umeileta vizuri, lakini naona umemhukumu mtu kwa tendo lake bora kuliko yote. Park Won-soon hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Tangu miaka ya 1990 alikuwa amejenga taasisi za kiraia zilizoshtaki makampuni makubwa kwa niaba ya wenye hisa wadogo, zikadai uwazi serikalini na kuhamasisha uchangiaji. Alipoingia ofisini, waraka wa kwanza aliousaini ulihusu fedha za chakula cha wanafunzi, suala lilelile lililomwangusha mtangulizi wake. Mwaka uliofuata karo ya chuo kikuu cha jiji ilipunguzwa kwa nusu. Wakazi wa Seoul walimrudisha mwaka 2014 na 2018. Kama Ahn aliona kwamba mwenzake ameijua kazi ya jiji kwa miaka mingi kuliko yeye, basi kumwachia kulikuwa uungwana na busara pamoja, na si haki kukuhesabu kuwa kasoro ya kisiasa.

Tena siku chache baada ya uchaguzi huo, Novemba 2011, aliahidi kutoa nusu ya hisa zake za AhnLab kwa ajili ya jamii. Mwanasiasa gani mwingine wa nchi ile alikuwa amefanya hivyo kabla hata hajagombea?

Mleta mada:

Ndugu mchangiaji, nakubaliana nawe kuhusu Park wa mwaka 2011, na ahadi ya hisa naiheshimu bila kipingamizi. Historia ya Park iliishia pabaya: alifariki Julai 2020 muda mfupi baada ya aliyekuwa katibu wake kufikisha polisi malalamiko ya udhalilishaji wa kijinsia, na tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo baadaye ikabainisha kwamba udhalilishaji huo ulitokea. Hata hivyo mwaka 2011 hakuna aliyeyajua hayo, na sitaki kumhukumu Ahn kwa jambo ambalo lisingeweza kuonekana.

Ninachokihoji ni mwaka uliofuata. Mtu aliyeonyeshwa na tafiti kwamba nusu ya jiji lenye watu milioni kumi inamtaka angeweza kuanza kuandaa watu, mtaa kwa mtaa, wilaya kwa wilaya. Seoul ina wilaya 25, kila moja na mkuu wake wa kuchaguliwa na baraza lake, na hapo ndipo vyama vya nchi ile hulea makada wao. Ahn alibaki chuoni. Alitangaza kuwania urais tarehe 19 Septemba 2012, miezi mitatu kamili kabla ya kura, akiwa mgombea binafsi. Wiki tisa baadaye, Novemba 23, mazungumzo ya kuunganisha nguvu na Moon Jae-in, mgombea wa chama kikuu cha upinzani, yalipokwama kwenye namna ya kumpata mmoja wao, alijitoa huku machozi yakimlenga. Siku ya kura yenyewe, Desemba 19, alipiga kura yake na kupanda ndege kwenda Marekani kabla matokeo hayajatangazwa. Park Geun-hye, mgombea wa chama tawala, alishinda kwa asilimia 51.6 dhidi ya 48.0 za Moon.

Mtu aliyejitolea katika kampeni yake kwa miezi miwili, akaacha kazi au masomo, siku ile alirudi kwa nani? Hapakuwa na ofisi ya kata, hapakuwa na kiongozi wa tawi, hapakuwa na hata kikao cha kupeana pole. Swali hilo linaniumiza kuliko takwimu zote, kwa sababu vijana walioitikia wito wake hawakuwa watu wa kuchezewa.

Mchangiaji wa pili:

Wanajukwaa, naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa, nalo ni mfumo wa uchaguzi wenyewe. Rais wa Korea Kusini huchaguliwa kwa duru moja tu. Anayeongoza ndiye mshindi, hata akiwa chini ya nusu. Mwaka 1987, katika uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja baada ya miaka mingi ya utawala wa wanajeshi, wapinzani wawili, Kim Young-sam na Kim Dae-jung, waligawana kura, mmoja akipata asilimia 28 na mwingine 27, na Roh Tae-woo, jenerali mstaafu wa utawala uleule, akashinda kwa asilimia 36.6. Kumbukumbu hiyo haijafutika. Kila uchaguzi, mgombea wa tatu huulizwa asubuhi na jioni kama yuko tayari kuwa sababu ya kushindwa kwa upande wake. Huwezi kupima kujitoa kwa Ahn bila kuweka shinikizo hilo kwenye mizani. Nchi yenye duru ya pili ingemruhusu abaki hadi mwisho bila kuitwa msaliti.

Pia tukumbuke kwamba hakuwa mfanyabiashara wa kwanza kujaribu. Chung Ju-yung, mwanzilishi wa Hyundai, aliwania urais mwaka 1992 kwa chama alichokianzisha mwaka huohuo, akapata asilimia 16 hivi, na chama chake hakikudumu. Aliyefanikiwa ni Lee Myung-bak, aliyewahi kuongoza kampuni ya ujenzi ya Hyundai, lakini yeye alipita njia tofauti kabisa: aliingia bungeni mwaka 1992 kwa tiketi ya chama tawala, akawa meya wa Seoul mwaka 2002, akabadili mfumo wa mabasi, akabomoa barabara ya juu na kuurudisha mto Cheonggyecheon katikati ya jiji mwaka 2005, kisha akaenda kwa wapiga kura wa nchi nzima mwaka 2007 akiwa na kitu cha kuwaonyesha.

Mleta mada:

Ndugu yangu, nakushukuru sana kwa mfano wa Lee Myung-bak, maana unaweka sawa jambo nililolieleza nusu. Sina sababu ya kumsifu Lee kama kiongozi. Baadaye mahakama zilimtia hatiani kwa rushwa, akafungwa, kisha akasamehewa. Lakini kama suala la njia, umeya ulimpa kazi inayoonekana kwa macho na chama kilimpa watu wa kuieneza. Ahn alikosa vyote viwili, na alipotafuta kimoja alikipata kwa mkopo.

Tuangalie mlolongo. Aprili 2013 alishinda ubunge wa jimbo la Nowon, Seoul, katika uchaguzi mdogo, kwa zaidi ya asilimia 60, akiwa bado mgombea binafsi. Hapo palikuwa mahali pazuri pa kujenga. Badala yake, Machi 2014, akiwa karibu kuunda chama chake, aliungana na chama kikuu cha upinzani, na sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa ahadi ya vyama kutoteua wagombea katika chaguzi za wilaya na miji midogo. Wiki chache baadaye chama hicho kilipiga kura za ndani na ahadi ikafutwa. Julai, baada ya kushindwa katika chaguzi ndogo, aliachia uongozi. Desemba 2015 akaondoka.

Kisha ukaja mwaka 2016, ambao ndio unaonifanya nisikubali kwamba mfumo pekee ndio wa kulaumiwa. Chama chake kipya kilipata viti 38 bungeni, na katika kura za orodha ya vyama, ambazo mpiga kura hukipigia chama badala ya mtu, kilipata asilimia 26.7, kikikipita hata chama kikuu cha upinzani alichokiacha. Nchi ile haikuwa imeona chama cha tatu chenye nguvu hiyo kwa miaka mingi. Lakini tazama viti vyenyewe vilitoka wapi: kati ya majimbo 25 kilichoshinda, 23 yalikuwa Honam, eneo la kusini magharibi lenye historia yake ndefu ya upinzani na wanasiasa wake wakongwe waliohamia kwa Ahn wakiwa na wafuasi wao tayari. Nje ya Honam alipata majimbo mawili, yote ya Seoul, na mojawapo lilikuwa la kwake mwenyewe. Wale vijana wa miji waliojaza kumbi za matamasha walimpa kura ya orodha, lakini hakuwa na wagombea wa mahali wenye mizizi ya kuwapa. Nyumba ilikuwa yake kwa jina. Nguzo zilikuwa za wengine. Mwanzoni mwa 2018 alipoamua kuungana na chama cha wahafidhina wa wastani, wabunge wengi wa Honam waliondoka, na miezi michache baadaye, akiwania umeya wa Seoul, alimaliza wa tatu kwa asilimia 19.6, huku Park, yule aliyemwachia nafasi mwaka 2011, akishinda kwa asilimia 52.8.

Katikati palikuwa na urais wa 2017. Mwanzoni mwa Aprili mwaka huo tafiti zilimweka karibu kabisa na Moon Jae-in. Kisha ikaja midahalo ya televisheni, ambako alimuuliza Moon kwa hasira kama yeye, Ahn, ni kivuli cha Lee Myung-bak, na kwa swali hilo akawapelekea mamilioni ya watazamaji tuhuma ambayo wengi wao hawakuwahi kuisikia. Alipata karibu kura milioni saba, asilimia 21.4, nafasi ya tatu. Ni kura nyingi mno kwa mtu asiye na mtandao wa chama unaostahili jina hilo, na mpaka leo naamini zilistahili kutunzwa vizuri zaidi.

Mchangiaji wa tatu:

Mleta mada, nimefuatilia kwa makini. Naomba uzungumzie kujitoa kwake mwaka 2022, maana kwangu mimi hapo ndipo aliponipoteza kabisa. Mtu aliyejengwa na ahadi ya siasa mpya alimwachia mwendesha mashtaka aliyeingia kwenye siasa mwaka mmoja tu nyuma.

Mleta mada:

Ndugu, nalielewa jeraha hilo. Mwaka 2021 alikuwa amejaribu tena umeya wa Seoul, kiti kilipobaki wazi kwa kifo cha Park, na alishindwa katika utafiti wa maoni uliotumika kumpata mgombea mmoja wa upande wao. Aliyemshinda alikuwa Oh Se-hoon, meya yuleyule aliyejiuzulu mwaka 2011. Kufikia 2022 hakuwa na kitu cha kujadiliana nacho isipokuwa asilimia zake chache kwenye tafiti. Asubuhi ya Machi 3, siku sita kabla ya kura, saa chache tu baada ya mdahalo wa mwisho wa televisheni, alitangaza kumuunga mkono Yoon Suk-yeol, mwendesha mashtaka huyo uliyemtaja. Wakorea waishio ng'ambo walikuwa wameshapiga kura zao Februari. Waliomchagua walikuwa wamechagua jina ambalo halikuwepo tena. Jambo hilo halikuwa dogo, na sikubaliani na wanaolipita kwa kusema siasa ndivyo ilivyo. Yoon alishinda kwa tofauti ya asilimia 0.73, kura zisizofika laki mbili na nusu, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba tangazo la asubuhi ile lilitosha kuamua rais.

Ahn alipewa uenyekiti wa kamati ya mpito ya kuandaa serikali mpya, chama chake kikamezwa na chama cha Yoon, na baraza la mawaziri lilipotajwa, watu aliowapendekeza hawakuonekana. Juni 2022 alirudi bungeni kupitia Bundang, ndani ya jiji la Seongnam, ambako ndiko lilipo bonde la teknolojia la Pangyo na makao makuu ya kampuni aliyoianzisha. Wapiga kura wa huko walimrudisha tena mwaka 2024.

Lakini haki itendeke kwake, kwa sababu upo upande mwingine. Usiku wa Desemba 3, 2024, Yoon alitangaza utawala wa kijeshi. Bunge liliufuta kabla ya kucha, na Desemba 7 ikaja hoja ya kumwondoa rais. Wabunge wa chama tawala walitoka ukumbini ili idadi ya kura 200 isifikiwe. Ahn alibaki kwenye kiti chake, mwanzoni akiwa peke yake katika safu za chama chake, wawili wengine wakirudi baadaye. Kura zilizopigwa zilikuwa 195, hazikuhesabiwa. Wiki moja baadaye hoja ilirudishwa ikapita kwa kura 204, na Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa Yoon. Mtu asiye na kundi hana wa kumwogopa ndani ya kundi, na siku ile udhaifu wake wa miaka kumi na tatu ulilitumikia taifa lake. Nalisema hili kwa heshima kamili.

Kilichofuata kinanirudisha kwenye hoja niliyoanza nayo. Katika mchujo wa urais wa chama chake mwaka 2025 alifika wanne wa mwisho, akaishia hapo, na mgombea wa chama akashindwa na Lee Jae-myung mwezi Juni. Julai 2 alikubali kuongoza kamati ya mageuzi ya chama. Alitaka viongozi wawili waliohusika na kushindwa huko wawajibishwe, uongozi ukakataa, na hata majina ya wajumbe wa kamati hayakupangwa kwa namna aliyoitaka. Julai 7 alijiuzulu, siku ileile kamati ilipotangazwa. Alikuwa na miaka mitatu ndani ya chama hicho, na alipohitaji watu wa kupiga kura naye katika chumba kimoja cha mkutano, hawakutosha.